Uzi Usiopigwa Fundo

Bi Kidawa alizikwa Ijumaa, na mpaka leo sijatulia. Si kwa kifo chenyewe, maana alikuwa mtu mzima sana na kwa miezi mingi wajukuu walikuwa wakimgeuza kitandani. Kilichonishtua kilitokea uani kwao Magomeni. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kanga kichwani kwa heshima ya msiba, ingawa mimi ni Mkristo wa Masasi na kila mtu pale anajua. Chumbani walikuwa wanamwosha. Mimi niliyeshika kata ya maji pamoja na marehemu kwa miaka mingi nilibaki nje, na ndivyo sheria yao ilivyo, sina ugomvi nayo. Mara pazia likafunguliwa, akatoka mjukuu wake Asha, mikono imelowa mpaka viwikoni, akaja moja kwa moja mpaka nilipo na kuchuchumaa. “Shikamoo, Bibi Esta. Bibi aliusia kamba ya kiunoni isipigwe fundo. Tulipomuuliza ifungwe vipi, alisema wewe unajua. Sasa tumebaki tunatazamana.”  Jambo hilo mimi na Bi Kidawa hatukulizungumza hata mara moja tangu siku lilipotokea, na siku ile nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Habari za kwetu naziacha, na za safari ya kuja Dar es Salaam pia, maana watu wa kusini sote tulifika na vumbi lile lile. Naanzia chumbani. Nilikuwa nimekuja kujifunza kupiga chapa, chuo kilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na chumba nilipata Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ya Bi Kidawa na mumewe, kabla hawajahamia Magomeni. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, bafu na choo. Changu kilikuwa cha mwisho, kinatazamana na bafu, kwa hiyo nilijua nani anaoga na anaimba nini. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, alikaa Bi Saada, mjane mweupe, mwembamba, mwenye kikohozi, aliyetamka kha na ghaini mpaka unaogopa koo lake litachanika. Alitokea Aden na marehemu mumewe zamani za Mwingereza. Mtaa mzima ulimwita Mshihiri, naye hakubisha. Alijifunika, alijibu salamu za Waislamu kwa maneno yao, nguruwe hakutaka hata kusikia akitajwa. Kwamba hakuonekana akisali, watu walisema Waarabu wazee wana mambo yao.

Jambo moja tu lilitushinda. Ijumaa, jua linapoanza kulegea, Bi Saada aliwasha tambi mbili kwenye vikombe vya glasi vyenye mafuta ya nazi, akafunika uso kwa viganja, akanong'ona. Tangu hapo mpaka Jumamosi jioni hakugusa kiberiti wala sindano. Chakula chake cha Jumamosi kilikuwa bokoboko aliyoipika Ijumaa, ngano na kipande cha nyama alichokipata baada ya kusimama foleni mpaka miguu ikavimba, chungu kikaachwa juu ya makaa yaliyofukiwa majivu mpaka kesho yake mchana. Nyumba ilikuwa na maelezo yake. Bi Saada ana jini wa Jumamosi, jini huyo anachukia moto. Kariakoo jambo tusilolielewa tulimpa jini, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Mimi jini huyo nilimshukuru, kwa sababu kila Jumamosi Bi Saada aliniita, “Esta, mwanangu, njoo ule, chungu hiki si cha mtu mmoja.” Mwaka ule mtaani tulikuwa tunakula unga wa njano uliotukwama kooni, na ile bokoboko, jamani, ilikuwa inavutika na ina mdalasini. Alinimegea kwa mkono wake mwenyewe. Nawaomba mkumbuke mikono hiyo.

Uani ndiko maneno yalikokaa. Alasiri wanawake walikusanyika kuchambua mchele, na mchele wenyewe wakati ule ulikuwa mawe yaliyochanganywa na mchele kidogo. Bi Kidawa alikuwa mwosha maiti wa kike anayetegemewa na mtaa mzima, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Lakini alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kwa sauti ya chini. Miaka michache kabla sijafika, bintiye Zuhura alitumwa Feri kununua samaki, akagongwa na lori. Waliomwokota hawakumjua jina, wakampeleka hospitali, akafia huko. Nyumbani walimtafuta kwa ndugu, kwa polisi, kila mahali, na walipofika mochwari walimkuta ameshalala pale siku kadhaa kama mtu asiye na kwao. “Nilijua nitakuta nini,” alisema Bi Kidawa. “Mimi ndiyo kazi yangu, najua gari linamfanyaje mtu. Basi nikafunua. Jamani, mwanangu hana tone la damu. Kaoshwa. Nywele zimechanwa, zimesukwa. Kavishwa nguo nyeupe, kiunoni kamba. Nikataka kuifungua ile kamba, natafuta fundo, hakuna fundo. Vitanzi vitatu vimekaa tu, navuta ncha moja, vyote vinaachia. Nikamwosha tena kwa sheria yetu, lakini ile ya kwanza, ile ya damu, mama mzazi sikuiona. Kuna mtu aliiona badala yangu.” Kisha alipepeta ungo kwa nguvu. “Nimewauliza pale, wote midomo imefungwa. Namtafuta mtu huyo. Nikimpata, kitanda changu atalala yeye, mimi nitalala chini mpaka nife.”

Bi Saada alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi pembeni ya Bi Kidawa kabisa, anachambua mchele ule ule. Aliokota jiwe, akalitupa, akasema, “Mungu anamjua.” Basi. Nikikumbuka utulivu wa uso wake siku ile, nywele zinanisimama hata leo.

Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nakwenda chumba cha mbele kujifunza kushona. Bi Saada alikuwa na kitambaa cheupe cha marekani alichokipata kwa foleni, kipande kwa kipande, vingine nilimpangia foleni mimi mwenyewe. Alishona kwa mkono mashati marefu, suruali pana na kofia, yote bila mfuko, bila kifungo, bila upindo. Mimi, kama nilivyofundishwa kwetu, nilipiga fundo mwishoni mwa uzi, naye alichukua nguo taratibu akafumua. “Usipige fundo.” Nikasahau, akafumua tena. Nikamwambia, “Bibi, bila fundo itafumuka.” Akasema, “Haihitaji kudumu.” Nilimuuliza nguo za nani. “Za wanawake wasio na nguo,” akanijibu, na kweli hakusema uongo. Nikadhani ni wagonjwa, au wanawake wa vijijini. Nani angewaza lingine? Waislamu wanavisha sanda ya shuka, sisi Wakristo tunavaa gauni zuri la mwisho na soksi. Maiti kushonewa shati na suruali, nilikuwa sijasikia tangu kuzaliwa.

Sasa sikilizeni nilivyoumbuka. Jumapili moja kwaya yetu ilikuwa na mwaliko, na shimizi langu lilikuwa limechakaa mpaka linaonyesha. Madukani hakuna kitu, rafu zina dawa ya mbu na viberiti. Niliingia chumba cha mbele, Bi Saada alikuwa uani, na pale kitandani yalikuwa yamekunjwa yale mashati meupe. Nikachukua moja, nikalivaa, likanikaa vizuri ajabu. Nikasimama mbele ya kioo cha kabati, nikajizungusha, nikashika kiuno, nikapiga mapozi. Mlango ukafunguka. Birika lilimtoka Bi Saada mkononi, chai ikatapakaa sakafuni, na yeye hakuitazama. Sijawahi kuona uso wa binadamu ukiishiwa damu vile. “Vua,” alisema. Nikaanza kucheka, nikamwambia naliazima tu. “Esta! Vua! Hiyo ni nguo ya maiti!”

Sikumbuki nilivyolivua. Nakumbuka nimejifungia bafuni, najimwagia maji, najisugua kwa katani mpaka ngozi inawaka, na Bi Kidawa anagonga mlango ananiuliza kama nimeng'atwa na nge.  Nikawaza, maiti gani, wa nani? Hapo ndipo akili ilipounganisha. Nguo nyeupe. Usipige fundo. Vitanzi vitatu. Maji yalinikauka mwilini nimesimama vile vile na kata mkononi. Kisha likaja wazo la pili, baya kuliko la kwanza, la mikono iliyokuwa ikinimegea bokoboko, nikatapika pale pale.

Nilitoka na kanga moja, nywele zinachuruzika, nikaenda chumba cha mbele bila kubisha hodi. Alikuwa amepiga magoti anafuta chai. “Zuhura ulimwosha wewe?” Akasema, “Funga mlango.” Nikafunga. Akakaa kitandani, akanionyesha kiti, na jioni ile nilisikia mambo ambayo kichwa changu cha miaka kumi na tisa hakikuwa na pa kuyaweka. Kwamba yeye ni Myahudi. Nilimkodolea macho kama mjinga. Wayahudi niliwajua kwenye Biblia, na kwa jinsi nilivyofundishwa nilidhani waliishia humo humo, pamoja na ngamia zao. Redioni walitajwa kwenye habari za vita, na kwa ubaya. Kwamba mmoja wao anakaa Mtaa wa Sikukuu, anakohoa, anakwaruza ukoko wa chungu kwa kijiko cha mbao, hilo sikuwa tayari nalo. “Hata jina lako ni la kwetu,” alisema. “Nilifurahi siku ulipohamia. Nilisema, amekuja mtu.” Ndugu zake walitawanyika nchi za mbali mumewe alipofariki, yeye akakataa kuliacha kaburi lake.

Akaniambia kwamba kwao Aden, mama yake na mama wa mama yake walikuwa katika kikundi cha wanawake wanaoosha wafu wa jamii yao. Haikuwa kazi ya ujira, na hawakutajwa majina. Mama yake alimpeleka alipokuwa mwari, akamfundisha kushika mtu asiyejishika, kumfunika wakati wa kumwosha ili asiaibike, kutopitisha kitu juu ya mwili wake kama meza, kutosema upuuzi mbele yake. Akamfundisha kamba isiyo na fundo, kwa sababu anayeondoka hafungwi. Na mwisho, kabla ya kumwachia, unamwita jina lake na jina la mzazi wake, unamwomba msamaha kama umemkosea. Dar es Salaam Wayahudi wenzake hawakuwepo wa kuwaosha. Basi akaanza kwenda mochwari kwa wanawake waliokosa wa kuwachukua, na mzee wa pale alimzoea akawa anamfungulia mlango wa nyuma. Wasio na jina aliwaita binti Hawa.

“Ukimpa mtu hai ugali,” alisema, “kesho atakupa mchicha. Ukimvusha kipofu barabara atakuombea dua. Maiti hana mchicha, Esta. Kwetu wema huu tunauita wema wa kweli, kwa sababu haurudi.” Nikapandwa na hasira, nikisahau adabu kabisa. Nikamwambia Bi Kidawa analia kila wiki uani, yeye anamsikiliza na kuokota mawe, huo ni wema gani? Kwa nini asimwambie akapumua? “Analia kwa kufiwa. Akinijua mimi, mtoto hatarudi. Ataniletea sahani asubuhi na jioni mpaka siku yangu ya mwisho, na yule mtoto atakuwa ameoshwa kwa ujira wa sahani.” Akanishika mkono. Nilitaka kuuondoa, lakini sikuuondoa. “Usimwambie. Nipe neno lako.” Nikampa, kwa shingo upande.

Wiki mbili tatu nilimkwepa. Jumamosi niliposikia anaita, nilijifanya nimelala. Kilichonirudisha si ushujaa, ni aibu. Aliendelea kuita kila Jumamosi kwa sauti ile ile, na kila Jumamosi niliona sahani ya pili imefunikwa kawa, inanisubiri mpaka inapoa. Nikala tena, machozi yananitoka, naye akajifanya haoni. Baadaye nilimfuata hospitali. Wa kwanza niliyemwona alikuwa mama wa makamo mwenye kovu la jiko mkononi, hana jina, miguu ina nyufa za kutembea sana. Nilishika kata tu, na meno yaligongana muda wote. Lakini Bi Saada alipoinama akamwambia, “Binti Hawa, tusamehe kama tumekukosea heshima,” nilijikuta nimeinama pia. Nilitoka pale nikitazama watu wa Mnazi Mmoja, wauza karanga, wenye foleni ya mabasi, wanaogombana, nikaona kila mmoja ana mwili unaohitaji kushikwa vizuri. Macho hayo sijayavua mpaka leo.

Mvua za masika ndizo zilizommaliza Bi Saada. Kikohozi kilishuka kifuani, na nilianza kuhesabu jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Huyu aliyeosha wote, ataoshwa na nani? Siku moja nilimuuliza waziwazi kama anataka niwe mimi. Akageuza uso ukutani. “Maiti haombi. Nikikuomba, nitakuwa nimekutoza.” Sikumpa ahadi. Niliogopa, maana kuosha mgeni ni jambo moja, na kumwosha mtu aliyekulisha ni jingine.

Alifariki asubuhi, nyumba nzima ipo. Bi Kidawa hakusubiri kuambiwa. Alitandika, akachemsha majani ya mkunazi, akaleta kafuri na udi, akakunja mikono ya gauni, wanawake wakajaa ukumbini. Ningenyamaza, Bi Saada angeoshwa na mikono bora kuliko yote Kariakoo na kuzikwa kwa heshima zote. Lakini angeondoka kwa jina la watu wengine, naye alikuwa na nguo zake mwenyewe chini ya sanduku, alizozishona bila fundo hata moja. Nikasimama mlangoni. “Mama Zuhura, subiri. Bi Saada si Mwislamu.”

“Nyamaza wewe, maiti anasikia!”

“Ni Myahudi, mama.”

 Mwanamke mmoja alicheka kwa woga, mwingine akasema astaghfirullah, kisha viatu vikaanza kutafutwa mlangoni. Bi Kidawa alibaki na kafuri mkononi. Alikuwa ameumia, si kuchukia, na hilo lilinichoma zaidi. “Nimekula naye sahani moja miaka yote hii. Hakuniona mtu wa kuniambia?” Neno lilinifika kwenye ulimi. Lingetosha neno moja, jina la mtoto wake, angeangukia miguu ya Bi Saada. Nikalimeza. Bi Kidawa akaweka kafuri juu ya meza, akatoka, pazia likarudi.

Nilianza peke yangu. Niliosha uso, nikaosha mikono ile iliyonimegea, nikawa nalia na kujisahau. Lakini mtu mmoja hawezi kumgeuza maiti. Nilimvuta, nikateleza, kichwa chake kikaning'inia ukingoni mwa kitanda, nikapiga kelele. Pazia likavutwa kwa nguvu. “Utamvunja!” Ilikuwa sauti ya Bi Kidawa, yenye hasira ya fundi anayeona kazi inaharibiwa. “Shika bega, si mkono! Miye nanyanyua tu, mengine yenu siyajui.” Akanyanyua. Akakaa anashikilia, ametazama pembeni, mimi namwaga maji. Tulimvisha suruali, shati, kofia. Nikasema nilivyofundishwa, “Saada binti Yusuf, tusamehe kama tumekukosea heshima.” Kisha nikachukua kamba ya kiunoni, nikasokota ncha zake mbili, nikakunja kitanzi kimoja, cha pili, cha tatu, nikachomeka.

Nilisikia pumzi ya Bi Kidawa ikikatika. Alikuwa ametazama kiuno cha Bi Saada, mdomo wazi. Akanyoosha kidole, akagusa kitanzi cha kwanza, akarudisha mkono kama ameungua. Akanitazama mimi. Sikusema kitu, nilikuwa nimetoa neno langu, lakini nadhani uso wangu ulisema. Akakaa sakafuni na unene wake wote. “Chumba cha mbele,” alisema. “Miaka yote hii, alikuwa chumba cha mbele.” Hakulia. Akauliza, kwa sauti ya mtoto, “Sasa mimi nitamlipa nini?”

“Hulipi, mama,” nikamjibu. “Ndivyo alivyotaka.”

Alikaa pale mpaka watu wa jeneza walipobisha. Wiki iliyofuata, nikiwa najiandaa kwenda chuoni, alisimama mlangoni kwangu na ndoo mpya na kipande cha sabuni, kitu adimu kuliko nyama wakati ule. Alisema, “Twende,” wala hakuuliza wapi. Tulikwenda hivyo miaka mingi, yeye akiwasomea dua wale aliodhani ni wa dini yake, mimi nikiwasalia wengine, na wote tukiwaomba msamaha. Chapa nilijifunza pia, ikanilisha, lakini ukiniuliza nilikuwa nani hapa duniani, nitakuambia nilikuwa mtu wa kushika kata.

Basi pale Magomeni, Asha akinitazama na mikono yake iliyolowa, nilichana ukanda kwenye kanga yangu ya kichwani, nikauzungusha kiunoni mwake. Nikasokota ncha, nikakunja cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikachomeka. “Vuta hapa.” Akavuta, vyote vikaachia. “Fanya mwenyewe.” Akafanya, mara ya kwanza ovyo, mara ya pili sawasawa. Aliinuka akaingia ndani, pazia likajifunga nyuma yake. Nilikaa mkekani nikisikiliza maji yakimwagwa, kisha maji yakanyamaza, zikaanza kunukia kafuri na udi.  Halafu nikasikia sauti ya Asha, ya chini, “Kidawa binti Hawa, tusamehe kama tumekukosea heshima.” Hilo mimi sikumfundisha.